Majina Matatu ya Binti Mmoja



Sisi watu wa pwani tukitajiwa Meru na Embu, la kwanza linalotujia akilini ni majani. Miraa hutoka Meru, kwenye vilima vya Nyambene. Muguka hutoka Mbeere, sehemu za chini za Embu. Mwezi wa Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka usiingie wala usiuzwe katika kaunti yake, na Kilifi ikafuata. Wakulima wakaenda kortini, na Mahakama Kuu iliyoko Embu ikasimamisha amri zile. Tangu hapo kila upande umebaki ukimnung'unikia mwenziwe. Mimi nami nilinung'unika, na rai yangu juu ya majani yale sijaibadili. Lakini mwaka huu nilikaa siku kumi na mbili huko kwao, na niliyoyaona hayakuhusu muguka hata kidogo. Yalihusu karo, madaftari, na binti mmoja wa Majengo aliyekuwa na majina matatu.

Miji mingi ya bara ina mtaa uitwao Majengo, na tangu zama za Waingereza mitaa hiyo ndiyo iliyokuwa makao ya Waislamu na ya Waswahili waliopanda bara kwa biashara na kazi. Embu inao wake, Meru inao wake. Ukipita Majengo ya Embu wakati wa magharibi utasikia adhana, utaona wanawake wenye buibui wakirudi sokoni, na utasalimiwa kwa Kiswahili ambacho hakingekuaibisha hata Lamu. Baridi tu ndiyo itakayokukumbusha kuwa hujafika nyumbani.

Nilikwenda kumtembelea mpwa wangu, binti wa dada yangu. Alisomea takwimu chuo kikuu, akaajiriwa katika kiwanda kimoja cha majani chai sehemu za juu za Embu, kule kunakonyesha sana. Kazi yake nilikuwa siielewi. Nilidhani anapima chai. Siku ya pili akanichukua hadi kituo cha kununulia majani, nikaona wakulima wamepanga foleni na vikapu mgongoni. Kila kikapu kinatundikwa kwenye mizani, kilo zinaandikwa, na mkulima anapewa risiti yake.

"Hebu tazama risiti hii, Mjomba," akaniambia. "Jina halina kazi hapa. Kina Njeru ni mia, kina Nyaga ni mia. Kinachomtambulisha mkulima ni nambari yake. Nambari haina pacha."

Nikaiona ni hekima ndogo tu, ya kiwandani. Sikujua kuwa ndiyo iliyokuwa imemrudisha mtoto wa watu shuleni.

Siku ya Jumamosi mpwa wangu haendi kazini. Huamka mapema, akamaliza kazi za nyumbani, kisha akafunga kompyuta yake katika mkoba akaenda kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vitabu mjini. Hapo ndipo ilipo afisi ya jumuiya ndogo ya hisani inayowalipia karo watoto wasiojiweza wa Meru na Embu. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa nitasimulia aibu zake, japo wenyewe wamenipa ruhusa. Msimamizi wake ni mama wa Kimeru, mwalimu mstaafu, Mkristo mwenye heshima zake, ambaye kila mtu humwita Mwalimu. Fedha zinatoka kwa watu wa maeneo hayo waliopata kazi Nairobi na ng'ambo: huyu anamlipia mtoto mmoja, yule wawili. Malipo kwa mpwa wangu hakuna. Hata nauli hujilipia.

Alipoingia hapo mara ya kwanza, miaka miwili iliyopita, alikuta madaftari ya kurasa mia mbili, barua ndani ya mifuko ya nailoni, na simu ya Mwalimu iliyojaa picha za risiti. Alikuta pia kompyuta moja yenye programu nzuri sana iliyotengenezwa na kijana msomi aliyejitolea kabla yake. Kijana yule alifanya kazi miezi mitatu, akaagwa kwa keki, akaondoka. Neno la siri aliondoka nalo. Si kwa ubaya. Alisahau tu kuliandika. Kompyuta ikabaki mezani imefunikwa kitambaa cha kufumwa, mfano wa mgeni anayeheshimiwa lakini hasemi.

Kisa cha binti ni hiki.

Alikuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni. Baba yake alifariki. Mama yake huuza mahamri na chai ya rangi karibu na kituo cha magari. Ndugu wasomaji mnajua mambo yetu ya majina. Cheti cha kuzaliwa kilimwandika Fatima. Shuleni, mwalimu aliyemsajili alimsikia mama akisema Fatma, akaandika Fatma. Katika daftari la jumuiya alikuwa Fatuma, kwa kuwa hivyo ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Kwa sisi watu wenye masikio, Fatima, Fatma na Fatuma ni jina moja, la binti wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Mbele ya karani wa benki na mbele ya kompyuta, hao ni watu watatu.

Katika shule ile ile alikuwamo binti mwingine, kutoka upande wa Isiolo, ambaye jina lake la kwanza na la baba vilifanana na ya huyu kwa tahajia ile ya daftarini. Jumuiya ikalipa. Karani wa shule, bila nia mbaya, akaiandika karo ile kwa binti wa Isiolo. Muhula wa pili ulipofika katikati, binti wa Majengo akapewa barua ya deni, akatolewa darasani mbele ya wenzake, akarudishwa nyumbani. Mama akaenda kwa Mwalimu. Mwalimu akafungua daftari, akaona alama ya tiki, akasema: tumelipa. Mama akaenda shule. Shule ikafungua kitabu chake, ikasema: hamjalipa. Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Wiki ya tatu mama alikuwa amekwisha kumtafutia bintiye kazi ya ndani huko Eastleigh, Nairobi. Nguo zilikuwa zimefungwa. Mama mwenyewe alinihadithia haya akiwa amekaa penye jiko lake, akipindua mahamri, na hakulia wala hakutafuta kuhurumiwa. Alisema tu, "Sheikh, mimi niliona wanaojua kusoma wameshindwa kuelewana. Mimi nisiyejua ningefanya nini?"

Maneno yale yaliniingia kuliko hotuba nyingi nilizozisikia, na pengine kuliko nilizozitoa.

Mpwa wangu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kujitolea, na kisa kile ndicho kilichompa kazi yake ya mwanzo. Hakuigusa ile kompyuta iliyofunikwa kitambaa. Alichukua risiti zote za mwaka, akazipanga sakafuni kwa shule, kisha akazilinganisha moja moja na daftari, na daftari akalilinganisha na barua za shule. Jumamosi ya pili akakuta risiti yenye tahajia isiyolingana na nambari ya usajili. Akapiga simu shuleni, akaomba kwa adabu wamwangalizie akaunti ya binti wa Isiolo. Ikapatikana ziada ya muhula mzima. Jumatatu yake binti akarudi darasani.

Kazi ingeishia hapo watu wote wangefurahi. Lakini aliyezoea kuhesabu chai hawezi kuona vikapu viwili vyenye jina moja akanyamaza. Akaendelea. Jumamosi kwa Jumamosi akagundua kuwa katika madaftari ya jumuiya majina yalikuwa mengi kuliko watoto. Mtoto mmoja aliandikwa mara mbili kwa sababu alihama kutoka Maua akaenda Nkubu. Mwingine alimaliza kidato cha nne zamani. Wavulana kadhaa wa sehemu za miraa walikuwa wameacha shule, wanachuma na kufunga vibunda kwa malipo ya siku, na wafadhili wao walikuwa bado wanapelekewa salamu zao. Hapakuwa na wizi. Nimeuliza sana juu ya hili, na nimeridhika kuwa hapakuwa na wizi. Palikuwa na uchovu, na huruma isiyokuwa na daftari.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Wazee wa kamati walikuwa wamewaambia wafadhili idadi fulani ya watoto, miaka mingi. Sasa binti wa watu, mgeni, Mswahili tena, mwenye hijabu, anawaambia kuwa idadi ile si ya kweli. Mzee mmoja akasema: tutawaambia nini wafadhili? Mwingine akasema irekebishwe polepole, mwaka kwa mwaka, isijulikane. Mpwa wangu akaniambia kuwa alirudi nyumbani usiku ule akaamua kutorudi tena. Hakuna anayemlipa, ya nini kutukanwa?

Aliyelimaliza jambo hilo ni Mwalimu. Aliandika barua kwa mkono wake, akawaeleza wafadhili wote hesabu iliyopatikana, makosa yalivyotokea, na fedha zilizobaki zilipo. Mfadhili mmoja alijitoa kwa hasira. Wengine walibaki, na wawili kati yao wakaomba fedha za watoto walioacha shule zitumike kuwatafuta na kuwauliza kama watarudi. Nimemwambia mpwa wangu kuwa kama ni thawabu, basi barua ile ilikuwa na uzito mkubwa kuliko jedwali lake. Alikubali, kwa shingo upande.

Baada ya hapo kila mtoto akapewa nambari, kama mkulima wa chai. Nambari haibadiliki akihama shule, akibadili tahajia, wala mama akiolewa na mtu mwingine. Jina linaandikwa lilivyo katika cheti cha kuzaliwa, na majina ya nyumbani yanaandikwa pembeni. Fedha haziendi shuleni bila nambari ya usajili wa shule, na shule isiporudisha risiti katika wiki mbili, Mwalimu hupiga simu. Ni hayo tu. Nilitarajia maajabu ya sayansi, nikakuta adabu ya daftari.

Tena kuna jambo alilolifanya ambalo naliona ni bora kuliko yote: alimfundisha mtu wa pili. Ni mwanamke wa hapo hapo, mweka hazina wa chama cha akina mama, aliyekuwa hajapata kuigusa kompyuta. Kwa kuwa alizoea daftari la chama, ambamo shilingi hamsini ikikosekana watu hawalali, alielewa upesi kuliko vijana wa chuo. Maelekezo yote yameandikwa kwa Kiswahili chepesi katika karatasi tatu zilizobandikwa ukutani, na maneno ya siri yamo ndani ya bahasha iliyofungwa, mikononi mwa Mwalimu. Mpwa wangu akihamishwa kesho, kazi haifi. Yule kijana wa kwanza alikuwa na elimu kubwa zaidi, ila alijenga nyumba isiyo na mlango wa pili.

Nawaomba akina mama mnaosoma ukurasa huu muizingatie habari ya mweka hazina yule. Mara nyingi nasikia mama akisema, mimi sina ujuzi wa kujitolea, mimi ni wa nyumbani tu. Na huyo huyo ndiye anayejua nani katika upatu ametoa na nani hajatoa kwa mwaka mzima, bila kufungua kitabu! Katika soko la Gakoromone mjini Meru niliketi na muuza viazi mmoja aliyenionesha daftari la chama chake: tarehe, jina, kiasi, sahihi ya anayetoa na sahihi ya anayepokea, na mwisho wa ukurasa jumla iliyohakikiwa na mtu wa tatu. Makampuni mengine yangefaa kwenda kujifunza kwake.

Tusidhani kuwa jambo hili ni la vyumba vya nyuma ya maduka tu. Nchi yetu imewahi kuoneshwa nguvu ya hesabu za watu wa kujitolea. Mwaka 2009 mpango wa Uwezo, chini ya shirika la Twaweza, ulianza Kenya kwa kufuata mfano wa India, ambako shirika la Pratham lilikuwa likifanya kazi ya namna hiyo tangu 2005. Wakapita wilaya 70. Katika kila wilaya walichagua vijiji 30, na katika kila kijiji kaya 20. Waliogonga milango walikuwa watu wa kujitolea wa maeneo yale yale, waliofunzwa kwa siku chache. Walimkalisha mtoto wa miaka 6 hadi 16 mbele ya mzazi wake, wakampa karatasi: herufi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Halafu hesabu.

Jawabu lake liliishtua nchi: katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, ni kama watatu tu walioweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Shule zilikuwa zimejaa tangu elimu ya msingi ifanywe bila malipo mwaka 2003, na serikali ilikuwa ikihesabu watoto waliomo madarasani. Hakuna aliyekuwa amehesabu wanaosoma. Mmoja wa viongozi wa kazi ile alikuwa mwanamke, Dkt. Sara Ruto, ambaye baadaye alipata cheo katika Wizara ya Elimu. Hapa Kenya kazi hiyo imeendelezwa na Usawa Agenda.

Katika habari ile mimi hupenda kumfikiria mzazi aliyekuwa ameketi kando. Hakungoja ripoti ya Nairobi. Alisikia kwa masikio yake mwanawe wa darasa la tano akikwama kwenye neno la herufi nne. Kuna hesabu zinazokwenda kwa wakubwa hazirudi tena, na kuna hesabu zinazobaki sebuleni mwa mwenyewe.

Mwaka 2015 ulipoanza mpango wa Tusome katika shule za nchi nzima, maofisa wa elimu wa mashinani walipewa vishikwambi, wakawa wakiingia madarasa ya chini, wakiwasikiliza watoto wachache wakisoma, wakiandika kasi ya usomaji, na papo hapo wakimshauri mwalimu. Wale walikuwa waajiriwa, si watu wa kujitolea, lakini utaratibu ni mmoja: aliyehesabiwa aambiwe hesabu yake.

Kwetu Waislamu jambo hili halipaswi kuwa geni. Nabii Yusuf, amani imshukie, alipotolewa gerezani hakuomba mali. Aliomba asimamie hazina za nchi, akitaja sifa mbili alizonazo, uaminifu wa kulinda na ujuzi. Sifa moja peke yake isingeokoa Misri na njaa. Na Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, ndiye aliyeanzisha diwani, madaftari yaliyoandika majina ya watu na fungu la kila mmoja katika hazina. Sisi wajukuu tumeshika sadaka ya unga na ya sukari, tumeisahau ya kalamu. Mhasibu wetu akija msikitini siku ya harambee hutoa noti ya mia tano, akarudi nyumbani ameridhika, na daftari la madrasa lililo mita kumi kutoka alipokaa limeliwa na mchwa.

Liko pia la serikali linalowahusu mama wote, wa Embu na wa Kwale. Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ilianzisha mfumo wa kusajili wanafunzi uitwao NEMIS, na mtoto alitakiwa aingizwe kwa cheti cha kuzaliwa. Fedha ambazo serikali iliahidi kwa kila mtoto wa shule ya msingi, shilingi 1,420 kwa mwaka, zilifuata usajili ule. Mtoto asiye na cheti alikaa darasani, akakalia dawati, akatumia chaki, lakini katika hesabu hakuwapo. Pwani yetu inao wengi wa namna hiyo, waliozaliwa kwa mkunga nyumbani, na sehemu kavu za Mbeere wanao vile vile. Katika Jumamosi zake mpwa wangu alianza kuorodhesha watoto wasio na vyeti, mtaa kwa mtaa, na kuwapanga wazazi waende kwa chifu pamoja, siku moja, wakiwa na karatasi zote zinazohitajika. Mzazi mmoja mmoja alikuwa akirudishwa mara tatu kwa kukosa karatasi moja. Wakienda kumi waliopangwa vizuri, hawarudishwi. Hilo nalo ni ujuzi, japo halikuhitaji kompyuta.

Nami nawaambia: chukua leo cheti cha mwanao na kitabu chake cha shule, viweke pamoja, usome herufi moja moja. Ukiona Hamisi huku na Khamis kule, usicheke.

Sasa niseme neno la tahadhari, maana si kila anayejitolea na kompyuta ni wa kukaribishwa. Orodha ya watoto maskini ni kitu cha hatari. Ndani yake mna yatima, mna mwenye maradhi, mna binti aliyejifungua akarudi shule. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa, na haikuwekwa kwa mapambo: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Katika ile afisi ya nyuma ya duka la vitabu, nambari zimesaidia hapa pia. Mfadhili anaandikiwa habari ya mtoto kwa nambari na shule. Kisa cha nyumbani kwao hakitoki. Picha za watoto wakiwa wameshika hundi za makaratasi zilikuwapo ukutani zamani. Mwalimu alizibandua mwenyewe. Mimi ningezibandua mapema zaidi, maana kwetu kumsitiri mwenye dhiki ni katika dini, na sijui tulijifunzia wapi kupiga picha za sadaka.

Jambo jingine: anayejitolea asijipe kazi isiyotakiwa. Mpwa wangu alikiri kuwa miezi ya kwanza alitaka kuchora michoro ya rangi, ya kupanda na kushuka, apeleke kwa kamati. Mwalimu alimwuliza michoro ile itamrudisha nani shuleni. Akaiacha. Kwa mwaka wa pili amekuwa akifanya kazi isiyopendeza hata kidogo, ya kupiga simu kwa makarani wa shule na kungoja risiti. Meru na Embu zina vyuo vikuu vyao: cha Sayansi na Teknolojia kule Nchiru, kilichopewa hati mwaka 2013, na cha Embu kilichopewa yake mwaka 2016. Wanafunzi wachache wa vyuo huja afisini siku za likizo. Wanaodumu, aliniambia, ni wale wasiochoka kupiga simu.

Siku ya kuondoka nilipitia Meru kwa ndugu zetu wa Majengo, kwa barabara inayozunguka mlima, unavuka mto Thuci, unapita Chuka, na migomba na majani chai hayaishi machoni. Kabla ya kupanda gari mjini Embu nilipita kwa yule mama wa mahamri. Binti yake yuko kidato cha nne sasa. Sikuonana naye, alikuwa bwenini. Mama akanipa mahamri manne katika karatasi akakataa fedha yangu, akaniuliza kama kule pwani nami ninayo madrasa. Nikamwambia ninayo, alhamdulillahi, watoto themanini.

Nilipofika nyumbani nikampigia simu mpwa wangu kumshukuru kwa ukarimu, nikamweleza kuwa nataka kuwapa watoto wangu nambari kama zake. Akafurahi. Kisha akaniuliza, "Ni wangapi, Mjomba?"

Nikasema themanini.

"Ulihesabu lini?"

Nikanyamaza. Themanini ilikuwa ni idadi ya mwaka tuliojenga ukumbi, nami nimekuwa nikiwatajia wazazi, wafadhili na maimamu wenzangu kwa miaka isiyopungua sita.

Jumamosi iliyopita, baada ya alasiri, niliwaomba walimu wawili wa kike wakae mlangoni na daftari jipya, wamuulize kila mtoto jina lake kamili, wamwulize na cheti. Mimi nilikaa kando nisiwatishe. Waliokaa juu ya mikeka walikuwa sitini na mmoja. Watatu kati yao hawakuwamo katika daftari langu la zamani hata kidogo, na mmoja wao, mtoto mwembamba wa miaka minane hivi, alituambia kuwa amekuwa akija tangu Shaaban.